Kwa Nini Slaidi Husomwa Mara ya Pili Maabara

Mkazi wa Kata ya Mwadui Lohumbo anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi hutakiwa kupimwa kifua kikuu. Makohozi yanapopimwa kwa hadubini, majibu hutegemea macho ya mtaalamu mmoja, pengine siku yenye foleni ndefu. Macho hayo yakipitiwa, mgonjwa hurudi nyumbani au mgodini akiendelea kuambukiza wenzake. Au asiyeugua humeza dawa kwa miezi 6 bila sababu.

Kwa ajili hiyo slaidi haitupwi mara baada ya kusomwa. Hutunzwa katika kisanduku kwa mpangilio wa rejesta, kisha baadhi huchaguliwa bila upendeleo na kusomwa na mtaalamu mwingine asiyejua majibu ya kwanza. Sharti hilo la kutojua ndilo uti wa mgongo wa kazi yote, kwani aliyekwisha kuambiwa jibu huweza kuliona hata lisipokuwepo. Wakitofautiana, msomaji wa tatu huamua. Hatafutwi mtu wa kuadhibiwa. Chanzo huweza kuwa rangi iliyoharibika, lenzi chafu, au mate yaliyoletwa badala ya makohozi.

Faida ya kusoma upya ilidhihirika katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliohusisha hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa zaidi ya 4,400 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, chini ya nusu ndio waliokutwa na vimelea slaidi ziliposomwa kwa makini. Waliosalia waliugua maradhi mengine, na vifo miongoni mwao vilikuwa vingi kuliko vya wenye malaria halisi.

Kwa uvimbe unaoshukiwa kuwa saratani, kinyama hukatwa na kupelekwa maabara ya patholojia, kama ile ya Hospitali ya Bugando, Mwanza. Huko nako kesi ngumu hujadiliwa na daktari zaidi ya mmoja. Hata hivyo, kinyama kilichocheleweshwa bila kutiwa formalini huoza, wala daktari wa pili hawezi kukiokoa.

Mgonjwa naye anayo sehemu yake. Alete vyeti vya vipimo vya zamani, ahakikishe jina lake limeandikwa sawasawa kwenye kikopo, na kama ni mchimbaji aseme wazi, maana makovu ya vumbi la mawe mapafuni hufanana na kifua kikuu katika picha ya eksirei.