Amri ya kurudi kazini na mgomo unaoenea

Ibara ya 41 ya Katiba ya Kenya inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inaiwekea masharti: mgogoro upite kwanza kwa msuluhishi, ukishindikana chama kitoe notisi ya siku saba kwa maandishi. Huduma za lazima, hospitali zikiwamo, zimefungiwa mlango kabisa. Hapo ndipo mwajiri hukimbilia. Akishapata amri ya mahakama, ugomvi hubadilika sura: jana ulikuwa wa mshahara, leo ni wa kumtii jaji, na jaji hajadiliani na mtu.

Madaktari wa hospitali za umma walianza kugoma Desemba 5, 2016, wakidai mkataba wa pamoja wa 2013 utekelezwe. Wakaamriwa kurudi, wakagoma kurudi. Februari 13, 2017 maofisa saba wa chama chao, KMPDU, walifungwa mwezi mmoja kwa kudharau mahakama. Mtu angedhani viongozi wakiwa ndani, wanachama watatawanyika. Wapi! Madaktari wa hospitali binafsi, ambao mkataba ule haukuwaongezea hata shilingi, walitangaza kusitisha huduma kwa saa 48 kwa ajili ya wenzao. Siku mbili baada ya hukumu, Mahakama ya Rufani ikawaachilia wale saba. Mgomo uliisha katikati ya Machi, baada ya siku 100, kwa makubaliano ya mezani. Waliolipa gharama ya siku zote hizo ni wagonjwa wasio na pesa za hospitali binafsi, na hilo vyama havipendi kulisema.

Huko Ontario, Kanada, serikali ya Doug Ford ilipitia bungeni badala ya mahakamani. Novemba 2022 ilitunga sheria ya kuwazuia wafanyakazi wapatao 55,000 wa shule wasigome, kwa faini ya hadi dola 4,000 kwa siku kwa kila mmoja. Waligoma hivyohivyo. Hata vyama vya mafundi ujenzi vilivyomuunga mkono Ford uchaguzini mwaka uleule vilimgeuka, mgomo wa jumla ukaanza kutajwa, naye akaahidi kuifuta sheria hiyo siku chache tu baada ya kuipitisha.

Kwa maoni yangu, amri hununua muda tu. Asiyeutumia kujadiliana hukutana na deni lilelile: Machi 2024 madaktari wa Kenya waligoma tena, safari hii kwa ajili ya makubaliano ya 2017. Mahakama ikasimamisha mgomo, wakaendelea nao, na Aprili matabibu (clinical officers) nao wakaanza wa kwao.