Mkimbiaji wa Mbio Ndefu Anapojifunza Mbio Fupi

Katika shule nyingi za sekondari za Machakos, mwanafunzi anayejulikana kuwa ana mbio huandikishwa kwanza mita 1,500 au 5,000. Mbio ndefu hazidai vifaa vingi, barabara ya vumbi inatosha, na Ukambani hakukosi majina ya kuigwa: Cosmas Ndeti, mzaliwa wa Machakos, alishinda Boston Marathon mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Mbio fupi hukumbukwa mashindano yanapokaribia na mwalimu wa michezo akagundua kuwa timu ya kupokezana vijiti ina watu watatu. Hapo huitwa kijana wa mbio ndefu, kwa imani kwamba aliyezoea kilomita kumi hatashindwa na mita mia moja. Hushindwa, tena kwa mbali.

Sababu ya kwanza imo mwilini. Misuli ina nyuzi za aina kuu mbili: zinazojikaza polepole na kuchelewa kuchoka, na zinazojikaza kwa kasi na nguvu lakini huchoka upesi. Kila mtu huzaliwa na mchanganyiko wake, na mazoezi huubadilisha kidogo tu. Nishati nayo hutoka kwingine. Mbio ndefu hutegemea oksijeni. Mita 100 hutegemea zaidi akiba ndogo iliyomo ndani ya misuli yenyewe, ambayo hutumika kwa sekunde chache tu, na sukari inayovunjwa bila oksijeni. Ndiyo maana mapafu yaliyokomazwa kwenye milima ya Iveti hayamfai sana kijana huyu: mbio zimekwisha kabla mapafu hayajaulizwa chochote.

Kinachofundishika zaidi ni ufundi, na hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Mkimbiaji wa mbio ndefu amezoea kubana matumizi. Hatua zake ni za chini, mikono haichezi sana, na wayo hukaa ardhini kwa muda. Mkimbiaji hodari wa mbio fupi hugusa ardhi kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, na katika muda huo lazima aisukume kwa nguvu zake zote. Goti hupanda juu, mkono hupigwa kutoka begani, na mguu hutua chini ya nyonga.

Kosa la kawaida huonekana pale mwalimu anapopaza sauti, "Ongeza kasi!" Kijana hurefusha hatua, mguu ukatangulia mbele ya mwili na kutua kwa kisigino, na kila hatua ikawa breki. Kwenye uwanja wa murram, wenye mistari iliyochorwa kwa majivu au chokaa, ushahidi hubaki chini: anayekosea huacha alama nzito ya kisigino, na anayepatia huacha alama ya sehemu ya mbele ya kiatu pekee, na vumbi lililorushwa nyuma. Mwalimu asiye na kamera anaweza kufundisha kwa alama hizo tu. Dawa yake ni mazoezi ya kuinua magoti, kwanza kwa kutembea, kisha kwa kuruka, halafu mbio za mita 30 za kasi kamili.

Kuanza nako ni somo la pekee. Mtu wa mita 5,000 huanza akiwa amesimama, na akichelewa kidogo ana mizunguko kumi na miwili na nusu ya kufidia. Wa mita 100 huinama, vidole nyuma ya mstari, na baada ya mlio hutoka mwili ukiwa umelala mbele, akiinuka taratibu. Shule isiyo na vyuma vya kuegemeza miguu hutumia mwanafunzi mwingine: huyo hukaa nyuma na kuweka nyayo zake ziwe kiegemeo. Kwa kanuni za kimataifa zilizoanza kutumika 2010, anayeondoka kabla ya mlio hutolewa hapohapo.

Somo gumu kuliko yote ni kupumzika. Wakufunzi wengi hufuata kipimo cha dakika moja kwa kila mita kumi, yaani dakika sita baada ya mita 60. Kwa mtu aliyelelewa na mbio za nyika hilo ni uvivu mtupu, naye huomba arudie upesi. Akikubaliwa, mwendo hushuka, na anachojenga ni uvumilivu aliokuwa nao tangu zamani. Mlima mfupi, kama chini ya Kiima Kimwe, hujenga nguvu vizuri. Mchanga wa mito ya msimu unasifiwa kupita kiasi: huchosha miguu, lakini hufundisha wayo kukawia ardhini, jambo lilelile linalokimbiwa. Siku mbili kwa wiki zinatosha kuanzia, kwa sababu msuli wa nyuma ya paja usiozoea kasi huchanika kwa urahisi, hasa mwili usipopashwa moto vya kutosha.

Kenya haijawahi kuwa nchi ya mbio ndefu tu. Seraphino Antao wa Mombasa alishinda yadi 100 na yadi 220 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Perth, 1962. Ferdinand Omanyala, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 uwanjani Kasarani Septemba 2021 na kuweka rekodi ya Afrika, alitoka kwenye raga. Mwalimu anayetafuta mtu wa mita 100 angefanya vyema kutazama kwanza huko. Mkimbiaji wa mbio ndefu mwenye kasi kiasi afadhali apewe mita 400, mita 800 au mbio za vijiti za mita 400 mara nne, ambako kasi na pumzi hukutana. David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 ya 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London 2012, alikuwa pia na mita 400 za sekunde 45.50.

Na hata kijana wa mbio ndefu asipopata nafasi katika mbio fupi, mazoezi hayo hayapotei. Katika Chicago Marathon ya 2007, Patrick Ivuti, mwana wa Ukambani, na Jaouad Gharib wa Moroko walifika wakikimbizana bega kwa bega na wote wakaandikiwa 2:11:11. Ivuti alishinda kwa sekunde 0.05.