Mizizi Nusu Leo, Nusu Baadaye

Katika bustani ya taifa ya miti mjini Washington, Marekani, kuna msonobari mweupe wa Japani unaolelewa chunguni tangu mwaka 1625. Tarehe 6 Agosti 1945 ulikuwa Hiroshima, nyuma ya ukuta wa kitalu cha familia ya Yamaki, kiasi cha kilomita tatu kutoka pale bomu lilipolipukia. Masaru Yamaki aliutoa mwaka 1976, ukiwa miongoni mwa bonsai 53, yaani miti iliyodumazwa kwa kulelewa chunguni, ambazo Japani iliizawadia Marekani ilipotimiza miaka 200 ya uhuru. Wanaoutunza walikuja kujua habari za bomu mwaka 2001, wajukuu wa Yamaki walipofika kuutazama.

Kisa hicho husimuliwa kwa sababu ya bomu. Mimi huvutiwa zaidi na kile kisichosimuliwa. Hakuna mti unaoishi karne nne katika chungu kifupi bila mizizi yake kukatwa tena na tena, na kila mara mkasi ulipoingia, mti ungeweza kufa.

Mizizi inayonyonya maji kwa kasi ni ile michanga na myembamba ya nchani. Ikizeeka hukomaa, huota gamba, na kazi yake kubwa inabaki kuusimamisha mti na kusafirisha maji. Ndani ya chungu mizizi hiyo huzunguka ukuta, huziba nafasi za hewa, na hata kuuinua mti mzima juu ya ukingo. Punje za udongo nazo husagika kuwa vumbi. Ukimwagilia ukaona maji yametuama juu badala ya kuzama, wakati wa kukata mizizi na kubadilisha udongo umekaribia. Msonobari mchanga hufikia hali hiyo kwa miaka miwili au mitatu, mzee kwa mitano au zaidi. Lakini anayehesabu miaka bila kutazama jinsi maji yanavyozama atahamisha mti ambao haukuhitaji kuhamishwa.

Kuhusu maji, kuna jambo linalowachanganya wengi. Lowanisha sponji ya kuoshea vyombo, ilaze bapa mkononi mpaka iache kudondosha, kisha isimamishe wima. Itaanza kudondosha tena. Chungu nacho hubakiza tabaka la maji chini kabisa, na kimo cha tabaka hilo huamuliwa na ukubwa wa punje, si na kina cha chungu. Ndiyo maana chungu kifupi cha bonsai, chenye udongo wa kawaida wa shambani, kinaweza kuwa tope karibu chote huku juu pakionekana pakavu. Kuweka kokoto chini ya udongo laini hakusaidii: maji hayashuki kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wa juu umelowa chepechepe, kwa hiyo tope linapanda tu. Dawa ni punje kubwa chungu kizima, za milimita mbili hadi sita, zilizochekechwa vumbi likatoka. Wajapani hutumia akadama, udongo wa volkeno uliokauka ukawa chembe ngumu, wakiuchanganya na changarawe nyepesi za volkeno.

Kabla ya swali la lini, kuna swali la matawi. Mti unaopukutisha majani huingia majira ya baridi akiba yake ikiwa imehifadhiwa kwenye shina na mizizi. Msonobari na mreteni huweka sehemu kubwa ya akiba yao kwenye majani yenyewe, hayo yanayobaki kijani mwaka mzima. Tena machipukizi yanayokua hutengeneza homoni ya auksini, ambayo hushuka na kuchochea mizizi mipya kuota. Ushauri wa zamani wa kupunguza matawi ili yalingane na mizizi iliyokatwa unaweza kuufaa mti wa majani mapana. Kwa msonobari ni kuudai mti mara mbili kwa siku moja. Ukikata mizizi, acha matawi. Yatasubiri msimu mwingine.

Sasa tuje kwenye swali la lini. Japani wakulima hungoja mwisho wa baridi, kwa kawaida mwezi Machi, matumba yanapovimba kabla majani mapya hayajafunguka. Hewa bado ni ya ubaridi, majani hayapotezi maji mengi, na mizizi iko karibu kuanza kukua. Kuna nafasi ya pili joto kali la kiangazi likishapungua, ambapo mizizi hupata nguvu tena. Katikati ya kiangazi hapafai: majani yanadai maji ambayo mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuyaleta.

Kwetu hakuna Machi ya namna hiyo. Nyanda za juu za Kenya na Tanzania zina mtarakwa, ndugu wa mireteni ya Japani na mreteni pekee unaoota kiasili kusini ya ikweta. Kwa hoja ileile, anayeulea chunguni atafute ncha za majani zinazoanza kuchipua pamoja na siku za mawingu na unyevu, yaani mwanzo wa masika, akikikinga chungu na mvua kubwa. (Mvinje wa pwani hauhusiki, ingawa unafanana na msonobari: ni mti wa maua.) Na msonobari mweupe wa Japani, uliozoea baridi ya milimani, sioni utaishije Dar es Salaam.

Ukiutoa msonobari chunguni huenda ukaona utando mweupe kwenye mizizi. Usiuoshe. Ni kuvu wanaoishi na mti kwa kubadilishana: mti hutoa sukari, nao huuletea maji na madini kutoka mbali kuliko ncha za mizizi zinavyofika. Kuuosha mti mpaka mizizi ibaki tupu ni kuuvunjia ushirika huo wote kwa pigo moja. Kwa hiyo mafundi hufungua upande mmoja, huondoa udongo wa zamani kwa kijiti cha mianzi, hupunguza mizizi minene na inayozunguka, na upande wa pili huachwa kama ulivyo. Kwa jumla isizidi theluthi moja ya mizizi yote. Hiyo nusu nyingine itafunguliwa baada ya miaka miwili au zaidi, mti ukishaonyesha nguvu.

Mti lazima ufungwe kwa waya unaopita kwenye matundu ya chungu. Upepo ukiutikisa, mizizi mipya laini hukatika kabla haijashika. Sukuma punje kati ya mizizi kwa kijiti, taratibu, pasibaki mapango, kisha mwagilia mpaka maji yatoke chini yakiwa safi. Uweke penye kivuli chepesi, mbali na upepo, na usiupe mbolea mpaka uone ukuaji mpya, kwa kawaida wiki nne hadi sita.

Rangi isikutulize. Mreteni unaweza kubaki kijani kwa wiki kadhaa ilhali mizizi imekwisha kufa, kwa kuwa majani yake hukauka polepole mno. Tazama ncha: zikirefuka na kutoa kijani kibichi, mizizi imeanza kazi. Zikiduwaa huku punje zikibaki mbichi siku baada ya siku, maji hayanyonywi, na kumwagilia zaidi kutaizamisha hata mizizi iliyosalia.