Mwili mzito, siku ngapi za mazoezi kwa juma?

Kila mtu Butembo anamjua bwana huyu. Jumapili, siku ya yenga, kabla ya misa ya kwanza, anavaa trening na raba nyeupe, anajiunga na vijana wa mtaa wanaokimbia huku wakiimba, anapanda nao mlima wa kwanza, anapanda wa pili, kisha anarudi nyumbani miguu ikitetemeka. Jumatatu magoti yamevimba. Kuanzia hapo hadi Jumamosi, siku ya posho, miguu yake ni motari: nyumbani hadi dukani, dukani hadi benki, benki hadi nyumbani. Ukimuuliza, atakuambia kwa moyo mweupe kwamba yeye anafanya spoti.

Na kweli anafanya. Shida iko kwenye kalenda yake. Watu wenye mwili mzito huuliza sana swali hili: mara moja kwa juma inatosha, au lazima iwe mara tatu, tano, kila siku? Jibu linategemea ni kitu gani unataka mazoezi yakufanyie. Moyo una hesabu yake, sukari ina yake, na kilo nazo zina yake.

Kwanza tujue mwili mzito ni upi. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita, halafu jibu ligawanye tena kwa urefu uleule. Ukipata 25 au zaidi, uzito umezidi. Ukifika 30, huo ni unene wa kuleta maradhi. Mtu wa mita 1.60 anavuka mpaka wa kwanza akiwa na kilo 64, na wa pili akikaribia 77. Kipimo kingine kiko kwa fundi cherehani: utepe. Uzungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi, usivute tumbo ndani. Mwanaume akipita sentimita 102, au mwanamke 88, hatari ya ugonjwa wa moyo na wa sukari imepanda sana, hata kama majirani wanamsifu kuwa amenawiri.

Mama anayetoka shambani na kitunga cha mihogo mgongoni hana haja ya kufundishwa mazoezi. Makala hii inamhusu anayekaa: mwenye duka, dereva, karani, mwalimu, motari mwenyewe. Inamhusu pia mkulima wa upande wa Beni. Tangu mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, wengi wameacha mashamba yao na kukimbilia mjini. Aliyezoea kutembea hadi shamba na kulima mpaka mchana sasa anakaa kwenye parseli ya ndugu yake, akingoja. Vita vimemnyang'anya shamba, na vimemnyang'anya kazi ya mwili pia.

Tuanze na moyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma, au dakika 75 hadi 150 za mwendo mkali. Haligawi dakika hizo kwa siku. Mwaka 2017 ulitolewa utafiti juu ya watu wazima 63,591 wa Uingereza na Scotland. Waliojaza dakika zao katika siku moja au mbili tu walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia kama 30, wakilinganishwa na wasiofanya lolote. Waliozigawa katika siku tatu au zaidi, asilimia kama 35. Tofauti ni ndogo. Kwa hiyo bwana wa siku ya yenga asichekwe: kwa upande wa moyo, jumla ya dakika ina uzito kuliko idadi ya siku.

Sukari haikubali hesabu hiyo. Wafanyabiashara wataelewa upesi. Fikiria kwamba misuli yako ni depo, na sukari iliyo katika damu ni mzigo unaofika kwa lori kutoka Kasindi. Depo ikijaa hadi mlangoni, lori litakwama barabarani. Mwenye ufunguo wa depo ni insulini. Kwa mtu mwenye mafuta mengi tumboni, kufuli limeshika kutu; kongosho linalazimika kutuma wenye funguo wengi zaidi na zaidi, mpaka linachoka. Hapo ugonjwa wa sukari unaingia.

Mazoezi yanaiuza ile shehena iliyojaa deponi. Tena yanafungua mlango wa nyuma, kwa sababu msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu bila kumngoja mwenye ufunguo. Lakini mlango huo haukai wazi. Faida ya zoezi moja hudumu siku moja, au mbili, kisha inafifia. Ndiyo maana Chama cha Kisukari cha Marekani kinawashauri wagonjwa wa sukari wasipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila mazoezi. Anayekimbia siku ya yenga tu, kufika Jumatano depo yake imejaa tena, na juma bado ni refu.

Tansio nayo ina tabia inayofanana na hiyo. Baada ya mwendo wa nguvu, mishipa hulegea na shinikizo la damu hushuka kidogo kwa saa kadhaa, wakati mwingine karibu siku nzima. Anayetembea kila baada ya siku moja anaunganisha mishuko hiyo midogo. Anayetembea mara moja kwa juma anapata mshuko mmoja, halafu siku nyingi za kupanda.

Na kilo? Hapa wengi hukata tamaa. Mtu wa kilo 80 akitembea saa nzima kwa mwendo wa wastani anachoma kalori kama 280. Chupa moja kubwa ya bia ya sentilita 72 ina kalori kama 300. Ukitembea saa moja na kumalizia kwa chupa moja, mizani haitakuwa na la kusema, na hujaingia bado kwenye sahani ya bugali. Kilo zinashuka hasa kwenye sahani. Hata hivyo, mizani ikinyamaza usidhani mazoezi yamekataa: mafuta yaliyojificha kati ya matumbo, ambayo ndiyo yenye sumu zaidi, hupungua hata wakati uzito haujasogea. Utepe wa fundi utaona mabadiliko kabla ya mizani.

Ushahidi mzuri juu ya watu wa aina hii ulitolewa Marekani mwaka 2002. Watu 3,234 wenye uzito uliozidi na sukari iliyoanza kupanda walifuatiliwa kwa karibu miaka mitatu. Kundi moja lilipewa shabaha mbili: dakika 150 za mwendo kwa juma, na kupunguza asilimia 7 ya uzito. Katika kundi hilo, walioingia kwenye ugonjwa wa sukari walipungua kwa asilimia 58 kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo. Hakuna aliyeombwa awe mwembamba kama mwanafunzi.

Hilo lisemwe wazi, maana kwetu kukonda kunaogopwa. Anayepungua huulizwa kwa sauti ya chini kama ameanza kuugua, au kama biashara imeanguka. Kilo sita hazitamfanya mtu yeyote akuulize hivyo. Lakini magoti yatajua. Watafiti waliopima mwendo wa watu wazito wenye ugonjwa wa magoti waliona kwamba kila kilo inayotoka mwilini inaliondolea goti mzigo wa kilo kama nne katika kila hatua. Hesabu hatua za kushuka mlima mmoja wa Butembo, utaelewa kwa nini magoti ya bwana wetu yanavimba Jumatatu.

Sasa ratiba. Kwa mwenye mwili mzito, msingi ni siku tatu kwa juma, zikiwa zimeachana: Jumatatu, Jumatano, na Ijumaa au siku ya posho. Mazoezi ya siku ya yenga yabaki kama nyongeza. Anza na dakika 10 au 15, ongeza dakika tano kila juma mpaka ufike 50; mara tatu ni 150. Ukiweza siku tano, dakika 30 zinatosha kila siku. Mwendo wake ni ule unaokuruhusu kuongea lakini unakunyima kuimba. Butembo iko juu ya mita 1,700 na milima haikwepeki, kwa hiyo tembea polepole unapopanda. Beni ni chini zaidi na joto ni kali: chagua asubuhi au jioni, na maji yawe karibu.

Siku mbili kati ya hizo, ongeza kazi ya misuli, maana depo kubwa inapokea mzigo mkubwa. Keti kwenye kiti na usimame bila kujishika, mara kumi. Sukuma ukuta kwa mikono, mara kumi. Beba bidoni ya lita tano kila mkono na uzunguke nyumba. Pumzika, rudia.

Najua kuna mitaa ya Beni ambako mtu mwenye akili hatoki kabla ya kupambazuka, na kuna siku ambazo mji mzima unajifungia ndani. Mwongozo wa 2020 umetusaidia hapo: hausemi tena kwamba mazoezi yasipofika dakika kumi mfululizo hayahesabiwi. Dakika nane za kuzunguka parseli asubuhi, kumi sokoni, kumi jioni, zote zinaingia kwenye jumla. Anayepanda moto amwambie motari amshushe chini ya mlima, amalizie kwa miguu. Ataokoa na faranga kidogo.

Tahadhari ni chache lakini si za mapambo. Mwenye tansio, mwenye maumivu ya kifua au anayeishiwa pumzi upesi apimwe kituo cha afya kabla ya kuanza. Anayetumia insulini au glibenklamidi atembee na sukari mfukoni, na asitoke bila kula. Kifua kikibana njiani, simama, na utafute msaada mara moja.

Leo jioni, tundika kalenda ukutani karibu na mlango. Kila siku uliyotoka jasho, weka alama. Ukiona siku mbili hazina alama, ya tatu usiulize hali ya hewa.