Dawa ndogo kuliko unywele: je, tuache vidonge vya kifafa?

Mama mmoja alituuliza: "Mwanangu, nasikia imetoka dawa ya kifafa ndogo isiyoonekana kwa macho. Nimwachishe mtoto vidonge tuisubiri?"

Mama, usimwachishe. Sikiliza kwa nini.

Mishipa midogo ya damu ya ubongo ina ukuta wa ulinzi. Ukuta huo huzuia sumu, lakini huzuia hata dawa nyingi. Dawa ikimezwa huzunguka mwili mzima, na sehemu tu hufika ubongoni. Nyingine huweza kuleta madhara kwingine, kama kwenye ini.

Wanasayansi wanajaribu kuifunga dawa ndani ya chembe za nano. Unywele mmoja una upana wa nanomita kama 80,000. Chembe hizo mara nyingi hazizidi 200. Wanataka zivuke ukuta na kuishusha dawa ubongoni kidogo kidogo.

Lakini kwa kifafa, kazi hiyo bado iko zaidi maabara, kwa panya. Haijafika zahanati yetu.

Vidonge vya sasa vinasaidia. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka, wakitibiwa vizuri. Ukiviacha ghafla, kifafa huweza kurudi kwa nguvu, na huweza kuua.

Vikikaribia kuisha, nenda zahanati mapema. Kama ni siku ya mgao, mwombe jirani akushikie foleni.

Tukutane kipindi kijacho.