Onyo Kwenye Kitabu: La Nini?

Je, umewahi kufungua riwaya ukakuta umeonywa mwanzoni kwamba ndani kuna vipigo, ubaguzi au kifo? Hilo linaitwa onyo la maudhui. Kazi yake ni kukujulisha mapema, ili ujiamulie mwenyewe: usome, usubiri, au uache.

Tuchukue mfano. Mwaka 2021 mwandishi wa Marekani, Malinda Lo, alitoa riwaya iitwayo Last Night at the Telegraph Club. Inamhusu Lily, msichana Mmarekani mwenye asili ya China, wa miaka 17, anayeishi San Francisco mwaka 1954. Lily anampenda msichana mwenzake. Baba yake yuko hatarini kufukuzwa nchini, na polisi wanavamia klabu wanayokutana wanawake kama yeye.

Sasa, onyo litaje nini? Ubaguzi wa rangi, msako wa polisi, kukataliwa na ndugu. Hayo ndiyo yanayoumiza. Lakini onyo likisema tu kwamba "kuna wasichana wanaopendana", jiulize: ukatili uko wapi hapo? Onyo litaje kinachoumiza, lisimgeuze mtu kuwa tishio.

Utasema, mbona hadithi za zamani za wanawake hawa ziliisha kwa kilio tu? Sababu moja ni woga wa sheria. Mwaka 1928 mahakama ya London iliamuru riwaya ya Radclyffe Hall, The Well of Loneliness, iteketezwe. Huko Marekani, mwaka 1952, mhariri alimtaka Marijane Meaker aipe riwaya yake Spring Fire mwisho mbaya, eti posta isije ikaikamata. Msichana aliyeisoma angedhani mwisho wake yeye pia ni wazimu. Kumbe yalikuwa masharti ya kuchapisha! Hadithi ya Lily ina machungu, lakini inaisha na matumaini.

Je, onyo linazuia maumivu? Hapana. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba onyo huongeza wasiwasi kabla ya kusoma, wala halipunguzi maumivu yenyewe. Kwa hiyo usilitegemee kama dawa. Fanya hivi:

1. Muulize aliyekwisha kukisoma.
2. Ukizidiwa, funga kitabu. Hakuna anayekufukuza.
3. Kikikukumbusha jambo lililokupata, usikae nalo peke yako. Mwambie mtu mzima unayemwamini.

Kitabu kitakusubiri. Wewe kwanza!