Mkono Ulioshika Rimoti

Ingia katika ofisi ya Dar es Salaam mchana wa Februari, ukitokea kwenye jua la Posta, utakuta sweta. Nje watu wanajipangusa jasho. Ndani mhasibu amejifunika kanga mabegani, na kiyoyozi kilicho juu ya kichwa chake kimewekwa nyuzi 16. Uliza nani kaweka: kila mtu anamtazama mwenzake.

Aliyeweka hakuwa na nia mbaya. Alifika akiwa anatota jasho, akataka chumba kipoe upesi, akabonyeza mpaka namba ikagoma kushuka. Kwake yeye rimoti ni kama koki ya maji: ukiifungua zaidi, maji yanatoka kwa nguvu zaidi. Kumbe namba ile haisemi mashine iende kwa kasi gani. Inasema isimame wapi. Kiyoyozi kisicho na inveta kina hali mbili tu: kompresa inafanya kazi kwa nguvu zake zote, au imezima. Weka 24 au weka 16, chumba kitashuka kutoka 31 hadi 24 kwa muda uleule. Kuanzia hapo ndipo njia zinapoachana. Mashine iliyowekwa 24 inapumzika. Ile ya 16 inaendelea kuhangaikia nyuzi ambazo, katika chumba chenye dirisha lisilofunga vizuri, huenda isizipate hadi jioni.

Mwanaanthropolojia wa Marekani, Willett Kempton, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1986, ingawa yeye alizungumzia mitambo ya kupasha nyumba joto. Ninachompendea ni kwamba hakuwacheka watu. Dhana ya koki, alisema, ina makosa, lakini mwenye nyumba anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kuona kasoro. Bili huja baada ya mwezi, nayo haisemi ni kitufe gani kilichoipandisha.

Kabla yake, wahandisi walikuwa wamekwisha kuona jinsi mkono wa mkaaji unavyoamua matumizi. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Robert Socolow akiwa mmojawapo, walipima nyumba za Twin Rivers, New Jersey, zilizojengwa kwa ramani moja. Kuta zilifanana na hali ya hewa ilikuwa ileile, lakini familia moja iliweza kutumia nishati mara mbili ya nyingine. Zaidi ya hayo, familia ilipohama na nyingine kuingia, matumizi ya nyumba ileile yalibadilika.

Kwetu pwani kuna jambo ambalo New Jersey haikutufundisha vya kutosha: unyevu. Kiyoyozi hakipozi hewa tu, kinaikamua. Maji yanayodondoka kwenye kile kibomba cha nje yalikuwa mvuke chumbani, na kuugeuza mvuke kuwa maji kunagharimu, kwa mashine ya kawaida, takribani robo ya uniti ya umeme kwa lita. Ndoo ya lita 10 ikijaa, uniti 2 na ushei za LUKU zimekwenda kukausha hewa. Sasa fungua dirisha kidogo, “tupate hewa”: unyevu wa bahari nzima unaingia kujipanga foleni kwenye kibomba kile.

Pangaboi ni kitu kingine kabisa. Halipozi chumba hata kidogo. Linampoza mtu, kwa kuharakisha jasho kukauka. Linatumia wati 70 hivi, ilhali kiyoyozi cha chumba kinakaribia 1,000. Likizunguka, nyuzi 27 mtu anaziona kama 25. Likizunguka chumbani pasipo mtu, linapuliza samani.

Ofisi moja niliyoifahamu iliamua kukata mzizi wa fitina: rimoti ikafungiwa kwenye droo ya meneja, namba ikawekwa 25. Wiki ya kwanza kulikuwa na manung’uniko tu. Wiki ya pili waliokaa upande wa jua walifungua madirisha, kiyoyozi kikiwa kinanguruma, na waliokaa chini yake wakaziba matundu kwa katoni za karatasi za kuchapia. Mhasibu hakuivua kanga.